Kompyuta Mpakato Inachemka na Betri Haikai: Mwongozo Kamili kwa Mtumiaji wa Linux

Umehamia Linux na kila kitu kimekubali: Wi-Fi inashika, sauti ipo, kipanya kinatembea. Kisha unaiweka mashine mapajani, na dakika kumi hazijaisha unaihamishia mezani kwa sababu inaunguza. Feni inavuma ilhali hujafungua kitu zaidi ya kivinjari. Betri iliyozoea kukaa saa tano sasa inalilia chaja baada ya saa mbili na nusu.

Wengi wetu hapo hukimbilia kusakinisha kila programu inayoahidi kuokoa betri. Mimi nilisakinisha tatu jioni moja. Kila moja ikawa inafuta mipangilio ya mwenzake, na feni ikazidi kuvuma. Hapa tutakwenda kwa njia nyingine: tutapima kwanza, tutamtafuta mlaji, ndipo tubadilishe kitu, tena kimoja kimoja.

Linux haina ulafi wa kuzaliwa nao. Ila kompyuta nyingi hurekebishwa kwa ajili ya Windows kabla hazijatoka kiwandani, na kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo wenyewe, ikikutana na kifaa isichokiamini sana, mara nyingi hukiacha macho kuliko kukilaza kikagoma kuamka. Uangalifu huo unalipwa kwa umeme wa betri. Na umeme huo hauendi mbali: karibu wote unaotoka kwenye betri huishia kuwa joto humo humo ndani ya mashine. Kwa hiyo usihangaike na feni upande huu na betri upande ule. Kesi ni moja, na kipimo chake ni wati.

Pima kabla hujagusa kitu

Chomoa chaja, weka mwanga wa skrini katikati, funga programu zote, subiri dakika tano. Kisha fungua terminali na uandike:

`cat /sys/class/power_supply/BAT0/power_now`

Utaona namba ndefu kama 14200000. Igawe kwa milioni moja: mashine inavuta wati 14.2. Kama faili hilo halipo, angalia kwa `ls /sys/class/power_supply` iwapo betri yako inaitwa BAT1. Mashine nyingine hazina `power_now` kabisa, zina `current_now` na `voltage_now`. Hapo zidisha namba hizo mbili, kisha rudisha nukta ya desimali nafasi kumi na mbili kushoto.

Hali ya betri yenyewe utaipata hivi:

`upower -i $(upower -e | grep BAT)`

Linganisha `energy-full` na `energy-full-design`. Tuseme ya kwanza ni 38 Wh (wati-saa) na ya pili ni 50 Wh. Betri imebakiwa na asilimia 76 ya uwezo wake wa siku ya kwanza, na hakuna amri ya Linux itakayoirudisha ujana. Ila hesabu bado ina faraja: 38 ukigawa kwa wati 15 unapata saa mbili na nusu. Ukiishusha mashine hadi wati 7, betri ile ile inakupa zaidi ya saa tano.

Kompyuta nyepesi ya kawaida, isiyo na kadi ya pili ya grafiki, ikikaa bila kazi huvuta kama wati 4 hadi 8. Ukiona 12 au 15 na hujafungua kitu, kuna asiyelala humo ndani. Mashine za michezo zina viwango vyao vya juu, usizilinganishe na hizi.

Joto linapimwa kwa `sensors`, baada ya kusakinisha kifurushi cha `lm-sensors` (kwenye Fedora kinaandikwa `lm_sensors`). Kwa prosesa ya Intel tazama mstari wa `Package id 0`, kwa AMD tazama `Tctl`. Nyuzi 40 hadi 55 bila kazi ni kawaida, na 80 na ushei wakati wa kazi nzito si balaa. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta mpakato zimewekewa kikomo cha nyuzi 100, na zikikaribia hapo hujipunguza mwendo zenyewe. Kwa hiyo mashine inayokwenda polepole huku inachemka pengine haina prosesa dhaifu, ina prosesa inayojibana isiungue.

Andika namba hizo mbili mahali, wati na nyuzi. Bila hizo utabaki na "nahisi imepoa kidogo", na hisia za mapaja si kipimo.

Nani anakula?

Anza na `top`. Juu kabisa ya orodha ndipo mlaji anapokaa. Mara nyingi ni kivinjari chenye vichupo arobaini, na dawa yake unaijua. Ukiona `tracker-miner-fs-3` au `baloo_file`, hao ni watunza faharasa: wanapitia mafaili yako yote ili utafutaji uwe wa haraka. Kwenye mashine mpya waache wamalize, usiku mmoja ukiwa umechomeka chaja unatosha. Wakiendelea siku ya tatu, nenda kwenye mipangilio ya utafutaji uwapunguzie folda.

Kuna mlaji mwingine ambaye hana sura. Nilikaa na mashine moja karibu wiki nzima nikilaumu kivinjari, kumbe juu ya orodha ya `top` kulikuwa na kitu kinaitwa `kworker`, kimeshika kiini kimoja cha prosesa kwa asilimia zaidi ya 90, hata skrini ikiwa tupu. Huyo ni mfanyakazi wa kerneli yenyewe, na kumuua hakuna maana kwa sababu kuna anayemwita. Anayemwita mara nyingi ni ubao mama unaotuma ishara zisizokoma kwenda kwa prosesa. Kumkamata:

`grep enabled /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe*`

Hesabu sekunde kumi, rudia amri ile ile. Mistari mingi itakuwa imesimama au imesogea kidogo. Kwangu mmoja, `gpe6F`, ulikuwa unakimbia kwa maelfu. Nikaunyamazisha:

`echo disable | sudo tee /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe6F`

Feni ilinyamaza kabla sijanyanyua mkono kwenye kibodi. Amri hii haidumu, ukiwasha upya mashine kelele inarudi. Kwa kudumu, ongeza `acpi_mask_gpe=0x6F` (weka namba yako) kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub` (faili la GRUB, programu inayoiwasha Linux), kisha `sudo update-grub` kwa Debian na Ubuntu. Ila usifike huko kabla ya kujaribu mambo mawili. Kwanza sasisha BIOS, programu ya msingi iliyo kwenye ubao mama, kwa `fwupdmgr refresh` na `fwupdmgr update`, maana huenda mtengenezaji alishatibu tatizo hilo. Pili, ukiisha kuinyamazisha ishara, hakikisha vitufe vya mwanga, mfuniko na taarifa ya chaja bado vinafanya kazi. Ishara hizo zina wenyewe.

Kama `top` iko shwari na wati bado ziko juu, ita `powertop`. Chombo hiki kilitolewa na Intel mwaka 2007 na mpaka leo sijaona cha kukizidi kwa kazi hii. Kiendeshe kwa `sudo powertop` ukiwa kwenye betri. Ukurasa wa kwanza unaonyesha nani anaiamsha prosesa mara nyingi kwa sekunde. Ukurasa wa `Idle stats` unaonyesha prosesa inalala usingizi wa kina gani: kwenye Intel unataka kuona asilimia zikiangukia kwenye namba kubwa, C8 au C10. Zikigandia C2 au C3, kuna kifaa kinaishikilia macho.

Ukurasa wa `Tunables`, wa mipangilio ya kuokoa umeme, una orodha ya `Good` na `Bad`. Wengi wakiuona huandika `powertop --auto-tune` na kugeuza kila kitu kuwa `Good` kwa mkupuo. Kisha wanashangaa kipanya cha USB kikiganda kila wakikiacha sekunde mbili. Shuka mstari mmoja mmoja, bonyeza Enter, angalia wati, na vipanya na kibodi za USB uziache zilivyo.

Kadi ya pili ya grafiki

Kama mashine yako ina kadi ya Nvidia pembeni ya ile ya ndani ya prosesa, soma sehemu hii kwa makini kuliko nyingine zote. Kadi hiyo ikibaki macho bila kazi inaweza kukuongezea wati kadhaa saa zote, na hiyo peke yake inatosha kukata muda wa betri karibu nusu.

Itafute:

`lspci | grep -Ei 'vga|3d'`

Mstari wa Nvidia huanza na anwani, mara nyingi `01:00.0`. Subiri kidogo, kwa kuwa kitendo cha kuorodhesha vifaa kinaweza kuiamsha, kisha soma hali yake:

`cat /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/power/runtime_status`

Jibu likiwa `suspended`, imelala, endelea na mambo mengine. Likiwa `active` na hakuna mchezo wala programu nzito iliyofunguliwa, mwizi umempata. Na usitumie `nvidia-smi` kwa uchunguzi huu. Amri hiyo inaigongea kadi mlango ili kuiuliza kama imelala, nayo inaamka ili ijibu. Watu wamehangaika siku kadhaa na kadi waliyokuwa wanaiamsha wenyewe.

Kwenye Ubuntu na ndugu zake kuna `prime-select`. Kadi za kizazi cha Turing, kilichotoka 2018, na za baada yake zinaweza kujizima zenyewe zikiwa na draiva rasmi (programu ya Nvidia inayoiendesha kadi), kwa hiyo `sudo prime-select on-demand` inatosha. Kwa kadi za zamani kuliko hapo, kama huzihitaji siku hiyo, ni bora `sudo prime-select intel`, kisha washa upya. Kumbuka pia kwamba kwenye mashine nyingi tundu la HDMI limeungwa moja kwa moja kwenye Nvidia. Ukichomeka skrini ya nje hapo, kadi haitalala hata uiombe vipi.

Msimamizi awe mmoja

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ukitumia dawati la GNOME au KDE, huenda tayari una `power-profiles-daemon`, ndiye yule mwenye chaguo tatu kwenye menyu ya betri. Kwa mtu asiyetaka kuhariri mafaili, huyo anatosha: `powerprofilesctl set power-saver` ukiwa safarini, `balanced` siku nyingine. Fedora kuanzia toleo la 41 inatumia `tuned` kwa kazi hiyo, ila vitufe vya menyu ni vile vile.

Ukitaka udhibiti wa ndani zaidi, weka TLP, msimamizi mwingine wa umeme, na umfunge `power-profiles-daemon`:

`sudo apt install tlp`
`sudo systemctl mask --now power-profiles-daemon`
`sudo systemctl enable --now tlp`

Mipangilio yake iko `/etc/tlp.conf`. Mimi hugusa mistari minne tu:

`CPU_ENERGY_PERF_POLICY_ON_BAT=power`
`CPU_BOOST_ON_BAT=0`
`START_CHARGE_THRESH_BAT0=75`
`STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80`

Kisha `sudo tlp start`, na `sudo tlp-stat -s` kuhakikisha imekubali. Mistari miwili ya mwisho inaizuia chaji isipande zaidi ya asilimia 80, kwa mashine zinazoruhusu (`sudo tlp-stat -b` itakuambia yako imo au haimo). Betri za lithiamu huzeeka haraka zikikaa zimejaa huku zina joto, na hiyo ndiyo hali ya mashine inayoshinda mezani imechomekwa chaja mwaka mzima.

Jambo moja linalowapotosha watu: ukiona prosesa ya Intel iko kwenye hali ya `powersave`, usiogope kwamba imefungwa mwendo wa chini. Kwa draiva ya `intel_pstate` neno hilo linamaanisha tu kwamba prosesa inapanda na kushuka kufuatana na kazi.

Mstari wa `CPU_BOOST_ON_BAT=0` unastahili maelezo, kwa sababu ndio unaopoza mashine kuliko yote ukitoa kadi ya grafiki. Prosesa ina mwendo wake wa kawaida na mwendo wa kukurupuka, turbo. Ili kukimbia zaidi inahitaji volti zaidi, na matumizi ya umeme hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Maana yake mwendo wa mwisho, ule wa kileleni, ni ghali kupita kiasi: unafungua ukurasa wa wavuti nusu sekunde mapema na unalipa kwa wati maradufu. Ionje bila TLP kwanza. Kwa Intel:

`echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`

Kwa AMD nyingi:

`echo 0 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost`

Fanya kazi zako za kawaida kwa saa moja. Anayeandika, kusoma na kujibu barua pepe kwa kawaida haoni tofauti ya mwendo. Anayehariri video au kukompaili programu kubwa ataiona, na huyo airudishe akiwa kwenye chaja.

Video inayowasha feni

Mashine inapoa vizuri, lakini ukifungua video tu, feni inaanza. Hapo karibu kila mara prosesa inafumbua video kwa nguvu zake yenyewe badala ya kuiachia sakiti maalumu iliyo kwenye grafiki. Andika `vainfo`. Ukipata orodha yenye H264, VP9 na maumbizo mengine ya video, njia iko wazi. Ukipata kosa, unakosa draiva: kwenye Debian na Ubuntu ni `intel-media-va-driver` kwa Intel za kuanzia kizazi cha Broadwell, na `mesa-va-drivers` kwa AMD. Fedora haiji na ufumbuzi wa H.264 kwenye draiva zake kwa sababu ya hataza, hivyo unaongeza hazina ya RPM Fusion.

Kuthibitisha kwa macho, kwenye Intel sakinisha `intel-gpu-tools`, cheza video, kisha endesha `sudo intel_gpu_top`. Mstari wa `Video` ukisogea, kazi iko mahali pake. Ukibaki sufuri, inawezekana video yenyewe iko katika AV1, umbizo ambalo grafiki za prosesa za Intel Core za kabla ya kizazi cha 11 haziwezi kulifumbua. Chagua ubora wa chini kidogo au umbizo jingine. Kwa mafaili yaliyo kwenye diski, `mpv --hwdec=auto-safe` haijaniangusha.

Inalala na chaji 80, inaamka na 35

Au unaitoa kwenye begi ikiwa ya moto kama mkate. Angalia:

`cat /sys/power/mem_sleep`

Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika. `s2idle` ni usingizi mwepesi: skrini imezimwa lakini mashine inasikiliza. `deep` ni usingizi mzito, ambapo karibu kila kitu kinazimwa isipokuwa kumbukumbu. Yote mawili yakionekana, jaribu la pili:

`echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep`

Hifadhi kazi yako, kisha `systemctl suspend`. Iache saa nzima, iamshe, linganisha chaji. Ikiamka salama mara tatu nne mfululizo, weka `mem_sleep_default=deep` kwenye ule mstari wa GRUB na urudie `sudo update-grub`. Jaribio hili lisifanyike dakika tano kabla ya kikao: mashine nyingine huenda `deep` na kurudi na skrini nyeusi.

Mashine nyingi za karibuni zina `s2idle` peke yake, na hapo chaguo ni kusasisha BIOS na kerneli, au kuizima kabisa kabla ya kuitia begini. Na kama inaamka yenyewe, `cat /proc/acpi/wakeup` itakuonyesha ni vifaa gani vimepewa ruhusa ya kuiamsha.

Yasiyo ya programu

Skrini ndiyo mlaji mkubwa wa mashine isiyo na kazi. Punguza mwanga, na kama ina 120 Hz au 144 Hz, iteremshe hadi 60 ukiwa kwenye betri. Hilo halina maelezo marefu.

Vumbi lina maelezo. Kama wati ziko chini, tuseme 8, lakini joto linagonga 75, tatizo haliko kwenye Linux: umeme mdogo unaingia, joto haliondoki. Zima mashine, fungua mfuniko wa chini, na utazame kati ya feni na vile vibapa vyembamba vya chuma. Mara nyingi utakuta zulia la vumbi limeziba kabisa. Puliza hewa kwa vipindi vifupi huku umeishika feni kwa kidole isizunguke, kwani ikizungushwa kwa kasi ya hewa huweza kuharibika. Mashine ya miaka minne mitano huenda pia pesti iliyo kati ya prosesa na shaba imekauka. Kuibadilisha ni kazi ya dakika arobaini kwa mwenye mkono mtulivu, na kwa asiye nao ni bora ampe fundi.

Ukiwa umeifungua, itazame na betri. Ikiwa imevimba, au sehemu ya kugusia kipanya imeinuka na mfuniko haufungi sawasawa, acha vipimo vyote vya hapo juu. Usiichaji tena, usiitoboe, usiibane irudi bapa. Itoe, ipeleke panapopokelewa betri chakavu, na mashine, kama inakubali kuwaka bila betri, iendelee kwa chaja mpaka upate nyingine.